Orodha moja, neno la siri moja: kwa nini tunasema hapana

(Maneno tuliyotoa mbele ya vijana wa Masisi na Walikale wanaoishi mjini)

 

Tuingie moja kwa moja. Kuko pendekezo mezani. Wenzetu walioko Masisi na Walikale wanatuma habari kila wiki: bariyeri imewekwa wapi, wanalipisha kiasi gani kwa kila mzigo, nani amekamatwa, familia zipi zimekimbia na zimefikia wapi. Habari hizo zimetawanyika mu simu za watu. Simu moja ikipotea, zimepotea nayo. Njo maana wengi wenu mmesema: tuziweke zote kwenye kompyuta moja, orodha moja, neno la siri moja, na kila mtu anayefanya kazi hii aweze kuingia. Ni pendekezo la watu wenye akili na kazi ingeenda mbio, hatukatai.

Lakini sisi tulioombwa kulichunguza tunasema hapana, si kwa namna hiyo. Ili muelewe, tutaanzia mbali kidogo, Marekani, zaidi ya miaka 60 nyuma. Muvumilie, tutarudi Masisi kabla hamjachoka.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kompyuta ilikuwa mashine ya kujaza chumba kizima, na bei yake hakuna mtu mmoja angeweza kuibeba. Kwenye chuo cha MIT, kundi la Fernando Corbató lilitengeneza programu ya kugawa mashine moja kwa watu wengi kwa wakati mmoja. Iliitwa CTSS, ilionyeshwa mara ya kwanza mwaka 1961. Kila mmoja anakaa kwenye kifaa chake cha kuandikia, anaona kama vile mashine yote ni yake. Na juu faili za watu wengi zilikaa nyumba moja, walihitaji kila mtu awe na mlango wake. Ndipo neno la siri, hili tunaloita mot de passe, lilipoingia kwenye kompyuta.

Sasa sikilizeni. Maneno ya siri ya watu wote yalihifadhiwa wapi? Ndani ya mashine ileile, mu faili moja.

Mwaka 1962, mwanafunzi mmoja wa udaktari, Allan Scherr, alikuwa anapewa masaa manne tu kwa wiki ya kutumia mashine. Hayakumtosha. Kulikuwa na njia ya kuomba faili ichapishwe kwenye karatasi: unatoboa kadi, unaandika namba ya mwenye faili na jina la faili, unaiacha. Akaomba faili ya maneno ya siri. Ijumaa usiku aliweka kadi, Jumamosi akaenda kuchukua karatasi zake kama mtu anayechukua nguo kwa fundi. Hakuvunja kitu. Mashine ilimpa juu ilijengwa itoe kila kinachoombwa kwa njia hiyo, na hakuna mtu aliyefikiri kuiuliza: huyu anayeomba ni nani?

Miaka minne baadaye, 1966, hata mwizi hakukuwako. Wasimamizi wawili wa mfumo waliingia kufanya kazi kwa wakati mmoja, kwenye sehemu moja. Mmoja alikuwa anarekebisha tangazo la siku, lile linalotokea kwa kila mtu anapoingia. Mwingine alikuwa anarekebisha faili ya maneno ya siri. Programu yao ya kuandikia ilitengeneza faili ya muda yenye jina moja siku zote, juu mwanzoni ilidhaniwa mtu mmoja tu ndiye atafanya kazi pale. Faili zikabadilishana nafasi. Kila aliyeingia kwenye mashine mchana ule, mahali pa tangazo, aliona majina na maneno ya siri ya watumiaji wote. Mmoja aliyeona hivyo alikuwa na akili ya haraka: aliiangusha mashine yenyewe, makusudi, ili isiendelee kuyamwaga. Corbató mwenyewe alikisimulia kisa hiki siku alipotoa hotuba ya tuzo ya Turing, ambayo ndiyo heshima kubwa kabisa katika kazi ya kompyuta.

Tunapenda kisa hiki kuliko hadithi zote za wadukuzi wa sinema. Hakuna kijana mwenye kofia gizani. Kuko wafanyakazi wawili waaminifu, siku ya kazi, na chombo kilichojengwa kwa ajili ya mtu mmoja kikatumiwa na wawili. Mwenye kuchora orodha yetu amechora kitu cha namna hiyohiyo.

Baada ya CTSS zikaja nyingine, na mwaka 1969 Ken Thompson na Dennis Ritchie wakaanza Unix kwenye maabara ya Bell. Unix ndiyo ukoo wa karibu vyombo vyote tunavyotumia leo. Humo, baada ya muda, maneno ya siri hayakuandikwa tena waziwazi. Yalisagwa kwa hesabu ya kwenda bila kurudi, kama muhogo ukishakuwa unga: hauwezi kuurudisha muhogo. Kwa hiyo wakaona si vibaya faili yenyewe kusomwa na kila mtu, maana kinachoonekana ni unga tu. Faili ilikaa wazi kwa miaka mingi.

Shida ni kwamba unga ule unaweza kulinganishwa. Unachukua neno unalolidhani, unalisaga kwa kinu kilekile, unatazama kama unga unafanana. Mwaka 1979 Thompson na mwenzake Robert Morris walichapisha uchunguzi: katika maneno ya siri 3,289 waliyokusanya kwa watumiaji, 2,831 yalikuwa rahisi kupatikana. Ni asilimia 86. Maneno mafupi, majina, maneno ya kamusi. Watu wa mwaka 1979 hawakuwa tofauti na sisi tunaoweka mwaka wa kuzaliwa.

Na hapa historia inacheka. Tarehe 2 Novemba 1988, mwanafunzi wa chuo cha Cornell aliachilia kwenye mtandao programu inayojinakili yenyewe kutoka mashine moja hadi nyingine. Jina lake Robert Tappan Morris, mtoto wa Morris yule wa uchunguzi wa 1979. Mnyoo wake ulitumia matundu ya programu za Unix za wakati ule, lakini pia ulisoma faili ile iliyo wazi na kukisia: kwanza jina la mtumiaji, kisha jina lile kinyumenyume, kisha orodha ya maneno 432 uliyotembea nayo. Ukishaingia kwa mtu mmoja, ulitazama ni mashine zipi nyingine zinamwamini mtu huyo bila kumuuliza neno la siri, ukaenda kule. Inakadiriwa mashine 6,000 hivi ziliguswa, kwa mtandao uliokuwa na kama 60,000. Kijana alihukumiwa mwaka 1990: miaka mitatu chini ya uangalizi, masaa 400 ya kazi za jamii, na faini ya dola 10,050.

Musikie vizuri kile kipande cha «mashine zinazomwamini». Mnyoo haukuhitaji kubomoa kila nyumba. Ulipita kwenye urafiki.

Udhaifu mwingine wa Unix tunaueleza kwa lugha yetu: ordre de mission. Kuko kazi ambazo mtumiaji mdogo hawezi kufanya bila mkono wa mkubwa, kwa mfano kubadili neno lake la siri, juu faili inaweza kuandikwa na mkubwa tu. Ritchie akabuni namna ya kupatia programu ruhusa ya mkubwa hata kama anayeiendesha ni mdogo. Programu inatembea na ordre de mission iliyosainiwa. Ni ubunifu mzuri, bado unatumika. Lakini ukiidanganya programu yenye karatasi hiyo, umepata saini ya mkubwa bila kukutana naye. Programu moja ya namna hiyo kwenye Linux, inayoitwa pkexec, ilibaki na kasoro kutoka mwaka 2009 hadi ilipotangazwa Januari 2022. Zaidi ya miaka 12, mbele ya macho ya watu wote, maana ni programu ambayo kila mtu anaweza kusoma namna imeandikwa.

Sasa turudi nyumbani.

Nani hapa hajui etiketi? Mwaka 2010 Marekani ilipitisha sheria ya kulazimisha makampuni kueleza madini yao yanatoka wapi, na Septemba mwaka huohuo Rais Kabila alitangaza kusimamisha uchimbaji wa mkono Kivu zote mbili na Maniema, hadi Machi 2011. Wale wa Walikale wanakumbuka ile miezi, wazazi walirudi kutoka Bisie mikono mitupu. Baadaye ukaja mfumo wa kufunga etiketi kwenye gunia. Wakala wa serikali anafunga namba, anaandika kwenye daftari, na kuanzia hapo kila mnunuzi, mpaka ng'ambo, anaangalia namba.

Etiketi ni ordre de mission. Gunia likishavaa namba, hakuna tena anayeuliza lilitoka shimo gani. Anayetaka kupitisha coltan ya shimo lenye watu wa silaha hana haja ya kudanganya kiwanda cha Asia wala kampuni ya simu. Anahitaji tu etiketi ifungwe mahali pasipopaswa, mara moja. Shirika la Global Witness liliandika ripoti nzima juu ya jambo hili mwaka 2022, na Masisi imo. Halafu Rubaya ikaanguka mikononi mwa M23 mwishoni mwa Aprili 2024, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wakaandika kwamba kundi hilo linakusanya pale kodi ya dola zisizopungua 800,000 kwa mwezi, na kwamba coltan ya Rubaya inavuka mpaka kwenda Rwanda na kuchanganywa na ya kule. Ikishachanganywa, inavaa karatasi ya kule. Namba zinasoma vizuri kabisa.

Hatusemi etiketi zitupwe. Tunasema zilijengwa kama faili ya 1962: ukiwa na kadi iliyotobolewa vizuri, mashine inakupatia. Na hatuwezi sisi tunaopiga kelele juu ya udhaifu ule Rubaya tukaujenga upya ofisini kwetu, kwa mikono yetu, kwa majina ya watu wetu.

Juu kilichomo kwenye orodha hii ni nini? Si namba za gunia. Ni jina la mama aliyeeleza nani alimpiga kwenye bariyeri. Ni kijana aliyehesabu malori. Ni mwalimu aliyeonyesha nyumba ya kujificha. Kwa territoire ambazo barabara moja inaweza kubadilisha mwenye silaha mara mbili kwa mwaka, Wazalendo leo, M23 kesho, jeshi keshokutwa, orodha hii ni ya hatari mikononi mwa upande wowote. Machi 2025 tuliona: M23 ikafika Walikale-centre, mwanzoni mwa Aprili ikatoka. Majuma machache tu. Yanatosha kabisa kusoma kompyuta moja.

Tunajua mtatuambia: lakini tutatumia simu, si kompyuta ya zamani. Sawa. Simu ya Android imejengwa juu ya Linux, mjukuu wa Unix kwa tabia. Waliobuni Android walifanya jambo la akili: kila programu kwenye simu yako inahesabiwa kama mtumiaji tofauti, na namba yake, chumba chake. WhatsApp ni mtu mmoja, kamera ni mtu mwingine, ule mchezo wa mpira ni mtu wa tatu. Simu mnayodhani ni ya mtu mmoja ni nyumba ya wapangaji wengi. Kuta hizo ni nzuri, lakini zina nyufa zake. Ufa mmoja mashuhuri uliingia Linux mwaka 2007 na ukazibwa Oktoba 2016. Uliitwa Dirty COW, ng'ombe mchafu (watu wa Masisi wasikasirike, haihusu ng'ombe zetu wala jibini). Ulimruhusu mtumiaji mdogo kuandika juu ya faili aliyopewa kuisoma tu. Simu za Android nazo ziliguswa.

Kuzibwa maana yake ilitengenezwa dawa. Simu ya mitumba ambayo kiwanda kimeshaisahau haipati dawa. Na hata ile inayopata, dawa inahitaji mega nyingi na mtandao. Kwa kijiji cha Walikale ambapo unapanda mlima ili upate vidole viwili vya réseau, nani atamaliza forfait yake juu ya kusasisha simu? Hatumlaumu.

Wengine watasema ujumbe umefungwa, hakuna anayeweza kuusoma njiani. Ni kweli, njiani. Kwenye ncha zote mbili uko wazi. Simu inayoachwa kwa mwenye solar ili ichajiwe, bila kufungwa, ni ncha. WhatsApp iliyobaki wazi kwenye kompyuta ya siber baada ya kuchapisha barua, ni ncha. Na bariyeri ndiyo ncha kubwa kuliko zote. Mtu mwenye bunduki hahitaji ufa wa 2007. Anakuambia: fungua. Kidole ni chako, kodi ni yako, na mbele ya simu yako yeye ndiye mkubwa sasa. Hakuna kiwanda kitakachotengeneza dawa ya hiyo.

Kwa hiyo tunapendekeza hivi, na tunaomba mujadili bila kutuonea haya.

Jina lisiingie kabisa kwenye orodha ya wote. Orodha ibaki na mahali, siku, aina ya tukio, kiasi cha pesa. Hiyo inatosha kuonyesha bariyeri zinakula kiasi gani kati ya Sake na Masisi-centre, au kwenye barabara ya Walikale. Jina la aliyeeleza linabaki kwa yule mmoja aliyelipokea, na asiliandike ikiwa anaweza kulikumbuka. Wazee wetu wanahesabu ukoo vizazi saba bila karatasi, sisi tunashindwa majina manne?

Kila mtu awe na neno lake la siri, hata kama inachosha. Neno la wote maana yake siku limevuja hatutajua limetokea wapi, na tutaanza kushukiana bure. Wa Masisi waone ya Masisi, wa Walikale waone ya Walikale. Anayeunganisha zote wawe wawili, wasikae nyumba moja wala mji mmoja. Na mtu akiacha kazi hii, hata kwa heri, hata kwa ndoa, mlango wake ufungwe siku ileile. Msituambie ni dharau. Mnyoo wa 1988 ulitembea kwenye milango ya marafiki iliyosahaulika wazi.

Simu ipite bariyeri ikiwa imeshamwagwa. Hapa tunakiri kuko shida ambayo hatujaipatia jibu zima. Mahali pasipo réseau, habari inabaki mu simu siku mbili, tatu, na njia ya kufika kwenye réseau inapita palepale penye watu wa kukagua. Mwenzetu mmoja wa upande wa Walikale amesema wao wanaibeba kichwani mpaka wafike, kisha wanaituma. Inachelewa na mara nyingine takwimu zinapotea. Sisi tunaona ni bora takwimu ipotee.

Tunajua bei ya haya yote. Kuko mashirika yatakayotuuliza: ushahidi uko wapi, jina liko wapi? Tutawajibu kwamba atakayetaka kuongea na mwenye jina, atapitia kwa aliyelipokea, na mwenye jina mwenyewe ndiye atakubali au kukataa. Kuko ripoti zitakazotoka mwezi mmoja baadaye kuliko za wengine. Kuko vijana wapya watakaoona kama hatuwaamini, na pengine hili ndilo litatuuma zaidi. Muwaeleze kwamba hata sisi tuliosimama hapa mbele hatutaona majina hayo.

Jumamosi tunakutana tena hapa, saa tatu asubuhi. Kila mmoja alete simu yake na chaja, tutazipitia moja moja: programu zipi zina ruhusa ya nini, WhatsApp imefunguliwa kwenye kompyuta zipi. Zile za kiwanda kilichosahau, tutazitenga kwa kupiga na kupokea tu. Kura juu ya orodha itapigwa baada ya hapo, si kabla.